Makala ya Taaluma za Kiswahili Ipelekwe Jarida Gani? Ulinganisho wa Njia Tatu

Mtafiti aliyemaliza tasnifu yake ya isimu au fasihi ya Kiswahili kwa kawaida hubaki na sura mbili tatu zinazoweza kugeuzwa kuwa makala, na jambo la kwanza analopaswa kuamua ni jarida atakalozipeleka. Wengi huliweka swali hili mwisho: huandika makala hadi ikakamilika, kisha ndipo wanapoanza kuulizana na wenzao ni jarida gani litaipokea. Utaratibu huo huongeza kazi bila sababu, kwa kuwa kila jarida lina wasomaji wake, lugha yake, ukomo wake wa maneno na mtindo wake wa marejeleo, na makala iliyoandikwa bila kumjua msomaji wake huishia kuandikwa upya kuanzia ikisiri hadi hitimisho.

Katika ulinganisho huu naweka bega kwa bega njia tatu zilizo wazi kwa mtafiti wa taaluma za Kiswahili: majarida ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, jarida la mtandaoni la *Swahili Forum* linalotolewa Ujerumani, na majarida ya kimataifa yanayochapishwa kwa Kiingereza na wachapishaji wakubwa. Majarida ya kitapeli nayo nitayaeleza, kwa sababu mtafiti anayechelewa kuamua ndiye anayenaswa nayo kwa urahisi zaidi.

Majarida ya nyumbani

Jarida la *Kiswahili*, linalotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndilo lenye historia ndefu zaidi katika uwanja huu. Chimbuko lake ni taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili katika makoloni ya Afrika Mashariki, na lilipitia majina kadhaa kabla ya kupata jina lake la sasa na kuwa mikononi mwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyoanzishwa mwaka 1964. TATAKI yenyewe ilizaliwa mwaka 2009 kutokana na kuunganishwa kwa TUKI na Idara ya Kiswahili. Taasisi hiyohiyo inatoa pia *Kioo cha Lugha*, pamoja na *Mulika*, ambalo kwa desturi limekuwa karibu zaidi na walimu na wapenzi wa lugha. Upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilichopo Eldoret kinatoa *Mwanga wa Lugha*.

Ubora mkuu wa majarida haya unatokana na watu wanaoyapitia. Makala inayodai jambo kuhusu viambishi vya Kimakunduchi, au kuhusu mgogoro wa mashairi huru na ya kimapokeo, itasomwa na mtu anayeifahamu lahaja hiyo au aliyeufuatilia mjadala huo kwa miaka mingi. Mpitiaji wa namna hiyo hadanganyiki na data dhaifu. Atauliza msemaji alitoka kijiji gani na alikuwa na umri gani, na atatambua mara moja ikiwa mtafiti ameruka kazi iliyokwisha kufanywa kwa Kiswahili na kudai kwamba suala lake halijawahi kuchunguzwa. Dai la mwisho ndilo linaloziangusha makala nyingi za wanafunzi wa uzamivu, kwa sababu utafutaji wa marejeleo mtandaoni hauonyeshi sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili yaliyo katika matoleo ya karatasi ya miongo iliyopita.

Udhaifu wake pia uko wazi. Jumuiya ya wataalamu ni ndogo, hivyo hata jina la mwandishi linapofichwa, mpitiaji huweza kumkisia kutokana na mada na mahali data ilipokusanywa. Wapitiaji hawalipwi, wana madarasa makubwa ya kufundisha na tasnifu za kusahihisha, na makala inaweza kukaa mezani kwao kwa miezi mingi bila neno. Mwandishi anayehitaji barua ya kukubaliwa ili apandishwe cheo mwishoni mwa mwaka asitegemee kwamba makala aliyoipeleka mwezi wa Agosti itakuwa imeshapitiwa. Kuhusu upatikanaji, hali imekuwa nzuri kuliko zamani: *Kiswahili* na *Kioo cha Lugha* yamo katika AJOL, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998 na yenye makao Afrika Kusini, na kwa njia hiyo ikisiri zake huonekana kwa mtu yeyote anayetafuta kwa Google Scholar.

Swahili Forum

*Swahili Forum* lilianza mwaka 1994 huko Köln likiwa sehemu ya mfululizo wa makala za Kiafrika uliojulikana kwa kifupi kama AAP, na baadaye likawa jarida linalojitegemea linalotolewa mtandaoni. Lina uhusiano wa karibu na Kongamano la Kiswahili linalofanyika Bayreuth tangu miaka ya 1980, na makala nyingi zilizochapishwa humo zilisomwa kwanza mbele ya wajumbe wa kongamano hilo. Hupokea makala za Kiswahili sawa na za Kiingereza, na msomaji halipi chochote.

Kwa maoni yangu, hii ndiyo njia inayosahaulika bila sababu. Inampa mwandishi vitu viwili ambavyo kwa kawaida huambiwa achague kimoja: kuandika kwa Kiswahili, na kusomwa na mtu yeyote aliye popote bila kupitia maktaba iliyolipia. Mwalimu wa Bujumbura, mwanafunzi wa Lubumbashi na mtafiti wa Napoli wote wanafungua faili lilelile. Jarida hili pia limekuwa na nafasi kwa mambo ambayo majarida mengine huyaona ni ya pembeni, kama vile maandishi ya Kiswahili cha Kongo, nyimbo, vibonzo, na hati za Kiarabu zilizohaririwa pamoja na tafsiri na maelezo. Mtafiti aliyekusanya matini ndefu na anayetaka zichapishwe pamoja na uchambuzi wake atapata shida kuliweka jambo hilo katika jarida la maneno elfu saba. Hapa ana sababu ya kumwandikia mhariri na kuuliza.

Kikwazo ni kwamba jarida hili halina matoleo mengi kwa mwaka, na baadhi ya matoleo yake hujengwa juu ya mada maalumu, hivyo makala nzuri isiyolingana na mada inayoendelea inaweza kusubiri. Isitoshe, kamati za kupandisha vyeo katika baadhi ya vyuo hulipima jarida kwa kuangalia orodha za kibiashara, na jarida linalotolewa na wanataaluma wenyewe bila mchapishaji mkubwa hulazimika kutetewa na mwombaji. Jambo hili linafaa kuulizwa katika ofisi ya utafiti ya chuo chako kabla hujatuma makala, kwa maandishi, na upate jibu kwa maandishi.

Majarida ya kimataifa kwa Kiingereza

Hapa nina maana ya majarida kama *Journal of African Languages and Linguistics*, lililoanza mwaka 1979 na linalotolewa na De Gruyter; *Journal of African Cultural Studies*, lililoanza mwaka 1988 kwa jina jingine na linalotolewa na Taylor & Francis; na *Research in African Literatures* la Indiana University Press, lililoanza mwaka 1970. Wasomaji wake ni wanaisimu wa Kibantu, wahakiki wa fasihi za Afrika na wananadharia ambao Kiswahili kwao ni lugha moja kati ya nyingi wanazozilinganisha.

Hilo la mwisho ndilo linalobadilisha makala kutoka mzizi wake. Chukua sentensi ya kawaida: *Watoto wamepikiwa uji*. Msomaji wa jarida la *Kiswahili* anaielewa mara moja, na mwandishi anaweza kwenda moja kwa moja kwenye hoja yake kuhusu kauli ya kutendea na kutendwa. Katika jarida la isimu la Kiingereza, kitenzi hicho lazima kikatwe, *wa-me-pik-i-w-a*, na chini ya kila mofimu iwekwe fasili yake: kipatanishi cha ngeli ya pili, hali timilifu, mzizi, utendea, utendwa, kiishio. Kazi hiyo hufuata kanuni kumi zinazojulikana kama Kanuni za Leipzig. Kisha chini yake huja tafsiri huru. Mfano mmoja umekuwa mistari mitatu, na makala yenye mifano ishirini imeongezewa mistari arubaini kabla mwandishi hajasema neno jipya, ilhali ukomo wa maneno haukuongezeka. Katika fasihi mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa ubeti wa utenzi wenye vipande vinne vya mizani nanenane ukishatafsiriwa hauonyeshi tena vina vilivyokuwa msingi wa hoja, na mwandishi hulazimika kueleza kwa aya nzima kile ambacho msomaji wa Kiswahili angekisikia kwa sikio lake.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, hoja yangu inamhusu mtu asiyejua Kiswahili? Ikiwa makala inaonyesha kwamba nadharia fulani ya sintaksia haiwezi kueleza namna yambwa mbili zinavyofanya kazi katika Kiswahili, basi inamhusu hata mtafiti wa Kizulu au Kijapani, na Kiingereza ndicho kitakachomfikia. Ikiwa inachunguza ufaafu wa istilahi za kufundishia sarufi katika shule za sekondari za Tanzania, wenye haja nayo wako Dodoma na Mbeya, na kuiandika kwa Kiingereza ni kuwanyima wale walioihitaji.

Wapo wanaoamini kwamba majarida haya yana wapitiaji wakali kuliko ya nyumbani. Hayo ni kweli kwa upande wa nadharia na kwa upande wa kuhusisha hoja na maandiko mapana ya kitaaluma ya kimataifa, lakini kwa upande wa data ya Kiswahili mara nyingi ukali uko nyumbani. Tofauti iliyo dhahiri zaidi ni ya kiofisi: jarida la mchapishaji mkubwa hutumia mfumo wa mtandaoni unaomwezesha mwandishi kuona makala yake imefika hatua gani, na mhariri anaweza kuirudisha ndani ya wiki chache bila kuipeleka kwa wapitiaji ikiwa hailingani na upeo wa jarida. Kukataliwa mapema kwa namna hiyo kuna faida, kwa sababu mwandishi anabaki huru kuipeleka kwingine.

Gharama na upatikanaji

Katika suala la fedha watu wengi hukosea pande zote mbili. Kuna wanaodhani majarida makubwa yote hutoza, na kuna wanaodhani kila jarida linalotoza ni la kitapeli. Majarida mengi ya sayansi za jamii na lugha ya wachapishaji wakubwa hufuata njia mbili kwa wakati mmoja: mwandishi anaweza kuchapisha bila kulipa chochote, na makala ikafungwa kwa wasiolipia, au akalipa ada, mara nyingi zaidi ya dola za Marekani 2,000, ili iwe wazi kwa wote. Jarida la *Nature* lilipofungua njia ya ufikiaji huria mwaka 2021 ada yake ilikuwa euro 9,500, na hakuna anayesema *Nature* ni la kitapeli.

Waandishi kutoka nchi kama Tanzania, Uganda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo husamehewa ada hizo na wachapishaji wengi, lakini msamaha huo mara nyingi unahusu majarida yaliyo huria kabisa na hauyagusi yale yenye njia mbili. Anayechagua jarida kwa kutegemea msamaha ahakikishe jambo hili kabla ya kutuma, maana baada ya makala kukubaliwa inakuwa aibu kuiondoa. Asiye na fedha bado ana njia: wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka katika hifadhi ya chuo chake nakala iliyokubaliwa na wapitiaji, yaani ile iliyo kabla ya kupangwa kurasa na mchapishaji, wakati mwingine baada ya muda maalumu kupita. Maktaba nyingi za vyuo vyetu zina hifadhi hizo na zinasubiri waandishi wazitumie.

Majarida ya kitapeli

Barua pepe zake zinafanana. Humwita mpokeaji mtafiti mashuhuri, humsifu kwa makala ambayo hawakuisoma, na humwahidi majibu ndani ya siku chache. Jarida lenyewe linadai kuchapisha makala kuhusu meno, uhandisi, ushairi na uhasibu kwa pamoja. Anayetuma hupata barua ya kukubaliwa isiyo na hata swali moja la mpitiaji, ikifuatwa na ankara.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alichapisha katika jarida la *Science* matokeo ya jaribio lake: alituma makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 ya ufikiaji huria, na 157 kati ya hayo yaliikubali. Majina ya waandishi aliyoyabuni yalikuwa ya Kiafrika, na vyuo alivyovibuni aliviweka Afrika, kwa sababu aliona wahariri wasingeshangaa wakikosa kumpata mwandishi wa namna hiyo kwenye intaneti. Sisi tunapaswa kuliangalia jambo hilo kwa uzito. Mtafiti wa Afrika anayechapisha katika majarida haya huwapa watu sababu ya kuwatilia shaka wenzake wote, na makala yake, hata kama ilikuwa nzuri, haiwezi tena kupelekwa kwenye jarida la kweli kwa sababu imeshachapishwa.

Namna ya kupima ni nyepesi. Soma makala mbili za toleo la karibuni, kwa makini, kama unavyosoma kazi ya mwanafunzi. Angalia majina ya bodi ya wahariri, kisha ingia katika tovuti za vyuo vyao uone kama wao wenyewe wanalitaja jarida hilo. Tafuta jarida katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya ufikiaji huria, au AJOL. Uliza mkutubi wako. Ikiwa hakuna mtu hata mmoja katika idara yako aliyewahi kusoma makala kutoka humo, hilo pekee linatosha kukuzuia.

Maandalizi yanavyotofautiana

Kuna mambo yasiyobadilika popote utakapopeleka. Kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi na teknolojia, yaani COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, na utaratibu wa Zanzibar ulio peke yake, unapaswa kuwa tayari kutajwa ikiwa uliwahoji watu. Jina la mwandishi liondolewe katika faili lenyewe, pamoja na zile taarifa za siri ambazo programu ya kuandikia huzihifadhi katika sifa za faili, na maneno kama "katika tasnifu yangu" yabadilishwe. Makala isipelekwe katika majarida mawili kwa wakati mmoja, hata kama la kwanza linachelewa. Lililo sahihi ni kumwandikia mhariri kwa adabu, kuuliza, na ikibidi kuiondoa rasmi kabla ya kwenda kwingine.

Yanayobadilika ni mengi, na yanastahili kazi. Kwa majarida ya nyumbani, ikisiri hutakiwa mara nyingi kwa Kiswahili na Kiingereza, na ile ya Kiingereza hudharauliwa na waandishi wengi, ilhali ndiyo inayosomwa na wageni wanaoikuta AJOL. Iandikwe upya kwa Kiingereza kizuri na asiachiwe mtu wa mwisho kuitafsiri usiku wa kutuma. Mapitio ya kazi tangulizi yanaweza kuwa mafupi, kwa kuwa msomaji anaijua historia ya mjadala, lakini istilahi lazima zilingane na zilizokwisha kukubalika, au mwandishi aeleze kwa nini anaziacha. Kwa majarida ya Kiingereza, utangulizi ndio unaobeba uzito wote: ndani ya kurasa mbili za mwanzo mhariri anatafuta swali, pengo na dai, na utangulizi unaoanza na historia ya Kiswahili tangu pwani ya karne zilizopita utamchosha kabla hajafika kwenye hoja. Barua ya kuambatisha nayo ina uzito zaidi huko. Aya mbili zinatosha: makala inadai nini, na kwa nini wasomaji wa jarida hilo hasa wanahusika.

Uamuzi wangu

Kwa mtafiti aliyeandika tasnifu yake kwa Kiswahili, rai yangu ni kwamba makala ya kwanza iende *Kiswahili*, *Kioo cha Lugha* au *Mwanga wa Lugha*, ikapimwe na watu wanaoijua data. Wapitiaji hao watamwonyesha makosa ambayo baadaye yangemwaibisha mbele ya hadhira kubwa, na istilahi alizozibuni zitaingia katika mjadala wa lugha yenyewe, mahali zinapohitajika. Ikiwa makala ina matini ndefu, au inahusu Kiswahili cha nje ya Tanzania na Kenya, *Swahili Forum* litaifaa zaidi. Njia ya Kiingereza aitumie kwa hoja ya nadharia iliyojitenga na sura nyingine, ambayo mara nyingi ni moja tu katika tasnifu nzima, na aiandike kwa Kiingereza tangu sentensi ya kwanza.

Anayetaka hoja ileile isomwe kwa lugha zote mbili anaruhusiwa, ila kwa sharti moja: wahariri wote wawili wajue na wakubali, na toleo la pili litaje wazi kwamba la kwanza lilichapishwa wapi na lini. Bila ridhaa hiyo, makala mbili zenye matokeo yaleyale kwa lugha mbili huhesabiwa kuwa uchapishaji wa marudio, na jarida lina haki ya kuifuta ya pili hata baada ya toleo kutoka.